Masele na Ng'ombe wa Pembe Moja

Masele wa Sibwesa alitembea kwa miguu maisha yake yote, akiswaga ng'ombe toka Usukumani mpaka huku Mpanda, na kitu alichokitamani kupita vyote ni baiskeli. Kwa hiyo, mwaka ule wa tisini na sita, kijana wa chuo kikuu aitwaye Ponsian, aliyekuja kutafiti mali za wafugaji, alipompa baiskeli ya kuzungukia na kumwambia kuwa takwimu zikiaminika itakuwa yake moja kwa moja, mzee aliipakata kama mjukuu.

Kazi yenyewe, uingie kaya ya mtu, umuulize ana ng'ombe wangapi, uwaone zizini kwa macho yako, uandike. Masele akasahau jambo moja tu. Kwa Wasukuma, mtu haulizwi ng'ombe wake hivihivi. Anayeuliza ni baba mwenye binti, anapima mahari. Na Masele binti alikuwa naye, Ng'washi, ambaye vijana wa kata walikuwa wanapita kumwomba maji ya kunywa hata mvua ikinyesha.

Basi penye kijana asiyeoa, Masele alichinjiwa kuku, na zizi limejaa hadi ng'ombe wanakanyagana. Pasipo kijana, alionyeshwa mbuzi. Yeye anakula, anaandika, akashangaa kidogo tu kwamba utajiri wa Sibwesa umefuata wavulana.

Kilichomshtua ni ng'ombe jike mwekundu mwenye pembe moja. Alimkuta kwa Ndaki. Akamkuta kwa jirani wa Ndaki. Kaya iliyofuata, ng'ombe alimjia mwenyewe, akamlamba mkono kama mtu anayemsalimia mwenyeji wake.

Mkewe, Kashinje, aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Ng'washi, kumbe ulienda kuposesha, sio utafiti."

Jasho likamtoka, maana Ponsian alikuwa njiani anakuja. Akakimbia mnadani akatangaza kuwa Ng'washi keshachumbiwa, Ng'washi mwenyewe akiwa wa kwanza kushangaa. Kisha akaanza upya kuzunguka. Loo, umaskini ulioshuka siku ile! Mazizi meupe. Ndaki akaapa ana ndama tu, naye anaharisha. Kuku wote wakawa wanaatamia.

Akabaki mzee Ngolo, mwisho wa njia.

"Ng'ombe wangu ni mmoja," Ngolo akasema, "mwekundu, wa pembe moja. Watu wamemwazima, hajarudi. Wewe unayezunguka, hujamwona?"

"Nimemwona sana," Masele akajibu.

Ponsian alipofika, Masele akamweleza yote, hata kuku aliowala. Kijana akashika kichwa, akauliza katika zote hizo ni takwimu ipi ya kuaminika.

"Ya Ngolo," Masele akasema. "Mmoja."

Ponsian akaiangalia baiskeli, akamwangalia mzee, akafikiri. Halafu akachukua spana, akafungua kengele, akampa. Takwimu moja, kifaa kimoja.

Masele akaendelea kutembea kwa miguu, ila siku hizo kila akifika kwenye kona alipiga kengele, na watu walimpisha.