Alhaji Alikula kwa Madamu Kila Alhamisi

Siku yangu ya kwanza katika jiko la Wachina nilikabidhiwa kisu kipana kama kiganja cha mtu mzima, nikaambiwa nisikate nacho kitu chochote. Kazi yangu ilikuwa kukiosha, kukikausha na kukirudisha mahali pake. Nilifanya hivyo wiki nzima, na wiki nzima nilijiuliza wananificha nini.

Hiyo ilikuwa kambi ya wajenzi wa barabara, nje kidogo ya Bariadi. Shule niliiacha darasa la tano kwetu Shishiyu. Nikachunga ng'ombe wa mjomba, nikabeba marobota ya pamba kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, nikaenda Kalemela kuanika dagaa, nikarudi. Sikufukuzwa popote. Nikishaona kitu kinavyofanyika ndani, hamu inaisha, naondoka. Kambini nilikwenda kwa sababu moja tu: nilitaka kujua Wachina wanakula nini. Nilidhani itanichukua mwezi mmoja.

Mpishi Mkuu wa kambi alikuwa mtu mwembamba asiyependa maswali. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni tupu, lakini kilitosha. "Kwanza moto. Halafu mafuta. Halafu chakula," aliniambia. "Ukibadilisha, utatafuna mpira." Kwake nilijifunza kulisha karai, yaani kulipaka mafuta na kulichoma tena na tena mpaka chuma kiwe cheusi na chakula kisigande. Nilijifunza pia kuvalisha nyama. Unaikata vipande vyembamba, unaichanganya na wanga na ute wa yai, unaiacha kidogo, ndipo unaitupa kwenye moto mkali. Ule wanga unazuia maji ya nyama yasitoke. Hata ng'ombe mzee anakuwa laini kama kuku wa wiki sita.

Barabara ilipokwisha kambi ilivunjwa, Mpishi Mkuu akarudi kwao. Aliyebaki ni mama mmoja wa Kichina aliyekuwa Mtunza Stoo. Alipanga chumba nyuma ya soko, akaweka meza nne za plastiki na kibao kilichoandikwa CHAKULA KIPO. Mji mzima ulimwita Madamu. Aliniita nikamsaidie jikoni, na mezani akamweka binti kutoka kijiji cha Kimali anayeitwa Nkwimba, mwenye ulimi mkali kuliko pilipili zetu. Ukutani hapakuwa na pambo lolote isipokuwa kalenda. Tulipika tambi, wali, nyama na hoho, mchicha wa kitunguu saumu, na supu ya kuku yenye tangawizi nyingi. Asubuhi Madamu aliwasalimia wauza mboga kwa Kisukuma, "mwangaluka", kama amezaliwa Itilima, akachagua bamia moja moja, wakanung'unika lakini wakamwuzia.

Watu walikula huku wakitushuku. Nyama ilikuwa laini mno. Dereva mmoja wa lori aliinyanyua kwa uma akaizungusha kwenye mwanga.

"Ng'ombe wa Meatu anatembea kutafuta maji maisha yake yote," alisema. "Nyama yake haiwezi kuwa hivi. Limbu, huyu ni punda?"

"Ni ng'ombe," nilimjibu. "Amevalishwa tu."

"Amevalishwa nini, suti?"

Nkwimba akamwambia kama ni punda basi ale haraka, apate nguvu za kusukuma lori lake. Walicheka, na sahani ilirudi tupu. Lakini mimi sikucheka sana. Nyama niliijua, maana niliivalisha kwa mikono yangu. Kulikuwa na kitu kingine nisichokijua.

Madamu alikula nguruwe, na hakuficha. Alikuwa na chungu chake cha udongo kwenye jiko la mkaa uani, upawa wake wenye uzi mwekundu na beseni lake la kuoshea. Hivyo havikuingia ndani hata siku moja. Ila ndani, kabatini, kulikuwa na kopo lenye mafuta meupe yaliyoganda. Kila supu ya kuku ikikaribia kuiva, alichota humo kijiko kimoja akatia. Nilipomuuliza ni mafuta gani, alijibu, "Mafuta mazuri." Mtu akijibu hivyo kwenye jiko lenye chungu cha nguruwe uani, utalala na swali hilo. Mimi nililala nalo miezi.

Sasa nimtaje Alhaji, kwa sababu bila yeye jambo hili lingekuwa udadisi wangu tu. Aliuza vitenge karibu na msikiti, mtu mzima, mpole, anayetembea mikono nyuma. Mara ya kwanza alipokuja hakukaa. Alisimama mlangoni akamuuliza Madamu, mbele ya wateja wote, kuku wanachinjwa na nani na nguruwe anapikiwa wapi. Madamu alimpeleka uani akamwonyesha chungu, upawa na beseni. Alimweleza kwamba kuku nawapeleka mimi sokoni kwa mchinjaji Mwislamu. Alhaji alisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye unayeingia na kutoka. Haya ni kweli?"

Nikasema ni kweli. Akavuta kiti.

Tangu siku hiyo alikuja kila Alhamisi mchana. Aliagiza tambi zilizomwagiwa supu ya kuku. Kabla ya kusema bismillahi alinitazama na kuuliza, "Limbu, salama?" Nami nilijibu, "Salama, Alhaji." Mjini yalipozidi maneno kwamba kwa Madamu watu wanalishwa kitimoto bila kujua, yeye ndiye aliyetutetea. Kila nilipomjibu salama, nililiwaza lile kopo.

Nikaamua kupima mwenyewe. Nilionja mafuta ya kopo kwa ncha ya kidole. Yalikuwa matamu, yana tangawizi, lakini sikuweza kusema ni ya mnyama gani. Nilihitaji kuonja na yale ya kwenye chungu, nilinganishe. Siku ikapatikana, na ilikuwa Alhamisi. Simu ya Madamu ililia, akatoka barabarani kuzungumza. Nilikuwa nakoroga supu ya wateja. Nilikwenda uani na upawa uleule uliokuwa mkononi, nikafunua chungu, nikachota, nikaonja. Mafuta yake yalikuwa mazito, yana harufu yake, hayafanani kabisa na yale ya kopo. Nilisimama pale nimefurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndipo nikasikia ndala za Madamu. Nilifunika chungu, nikaingia ndani mbio na kurudisha upawa mahali nilipozoea kuuweka, ndani ya sufuria ya supu. Mkono ulifanya kabla ya kichwa. Madamu aliingia, akaushika, akakoroga mara mbili, akamwaga supu juu ya tambi za Alhaji zilizokuwa zikisubiri. Nkwimba alikuwa anafuta meza, akanipigia kelele nilipeleke lile bakuli mwenyewe.

Nilikuwa na hatua kama kumi na mbili kutoka jikoni hadi kwenye meza ya Alhaji. Ningeweza kujikwaa. Ningeweza kusema supu imeungua.

"Limbu, salama?"

"Salama, Alhaji."

Alikula zote, akainamisha bakuli kumalizia mchuzi.

Ningenyamaza mpaka leo, nadhani. Kilichonitoa ni Nkwimba. Jumatatu alitoka kununua kitenge, akarudi akicheka kwamba nimekuwa shehe. Alimkuta Alhaji akiwaambia wafanyabiashara wenzake watatu waje naye Alhamisi, wasisikilize maneno ya mtaani, pale yupo Limbu. Nilivua aproni nikaenda dukani kwake. Alikuwa anakunja vitambaa. Nilimweleza tangu kopo mpaka upawa, nikasema nilikosea, haraka ilinizidi.

Hakukasirika kama nilivyotarajia. Aliendelea kukunja mpaka kitambaa kikaisha.

"Nimekula bila kujua," alisema. "Hilo Mungu analijua, haliniumizi. Wewe ulijua lini?"

"Kabla sijaweka bakuli mezani."

"Nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Ukasema?"

Akanyoosha kitambaa kingine. "Haya. Nenda ukamwambie mama wa watu. Jiko ni lake."

Madamu alinisikiliza akiwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kisha akainuka, akalitoa lile kopo na kulitua mbele yangu. Yalikuwa mafuta ya kuku. Alikata vipande vya mafuta vya kuku walewale niliowapeleka mimi kuchinjwa, akaviyeyusha kwa moto mdogo pamoja na tangawizi, siku za Jumapili nikiwa kwangu. Kwao kila jiko linalojiheshimu lina kopo hilo. Nikamuuliza mbona hakuniambia siku zote hizo.

"Wewe una macho mengi," alisema. "Nikikwambia, utaamini? Utakwenda kuangalia tu."

Siku hiyo alivunja chungu chake, akatupa pawa zote mbili, akamwaga supu, na sufuria akampa fundi wa mabati. Hakula tena nguruwe pale. Mimi hakunifukuza. Alinitoa kwenye moto akanirudisha kuosha vyombo mwaka mzima, na katika mwaka huo sikuuliza swali.

Alhamisi Alhaji alikuja peke yake. Wale wenzake watatu hawakufika wakati huo wala baadaye. Alinisalimia kama kawaida, akauliza habari za nyumbani, akaagiza chai ya rangi na mayai mawili ya kuchemsha yasiyomenywa. Aliyamenya mwenyewe polepole, akapanga maganda kwenye kisahani. Hakuuliza kama ni salama. Alhamisi iliyofuata vilevile. Yalikuwa mayai mawili, miaka yote iliyobaki. Nkwimba alimtania kwamba ataanza kutaga, naye alitabasamu. Nilidhani ameacha supu kwa sababu ya lile jiko. Nilijipa moyo kwamba ni mambo ya dini, mtu akishachafuliwa chombo harudi. Madamu alimweleza mara mbili kwamba kila kitu kimebadilishwa. Alijibu kwa adabu kwamba mayai yanamtosha.

Nimestaafu mwaka huu. Mgongo umekataa karai, na macho niliyosifiwa hayaoni tena kama tambi zimeiva. Nilikaa pale miaka mingi kuliko mahali pengine popote maishani, mimi niliyekwenda kwa mwezi mmoja. Ninyi vijana mnaoanza kazi za jikoni mtafundishwa kupima joto na kuvaa glovu. Ni vizuri. Kwetu ukaguzi wote ulikuwa mtu mmoja anayeulizwa swali moja mlangoni. Mimi nilimkagua kila mtu katika jiko lile, nikanusa kila kopo, na muda wote huo sikuona haja ya kumkagua aliyekuwa akijibu.

Wiki iliyofuata baada ya kuondoka kwangu, Nkwimba alipita nyumbani kuniletea sabuni na sukari. Tulizungumza habari za kazini. Alipofika mlangoni akageuka, akasema kuna jambo la kushangaza: Alhamisi Alhaji alikuja, akatazama mlango wa jiko, akauliza nani yuko ndani siku hizi. Walipomwambia, aliagiza tambi zenye supu.