Mchongaji Hajulikani

Mwaka juzi mama alitoka Kitaya kuja Mtwara mjini kupimwa macho. Tulipomaliza mapema nikampeleka Mikindani, kwenye makumbusho madogo ambayo hakuwahi kuyaona.

Chumba cha kwanza kilikuwa na mikeka, akapita akikosoa ususi wake. Cha pili kilikuwa na vitana na vikopo vya ugoro vya kuchonga, vyote ndani ya kabati la kioo. Hapo akasimama, akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Hiki cha baba."

Kilikuwa kikopo cha mpingo, kifuniko chake kichwa cha mwanamke mwenye chale mashavuni. Sikio moja halikuwepo. Alilivunja yeye, akaniambia, alipokiangusha utotoni, na kofi la siku ile analikumbuka. Herufi za maandishi ya chini zilikuwa ndogo kwa macho yake, akaniomba nimsomee.

"Kikopo cha ugoro. Wamakonde. Mchongaji hajulikani."

"Hajulikani na nani?" akauliza mama.

Nikamwita mhifadhi, mwanamke wa makamo. Akamwamkia mama kwa adabu, akatusikiliza, kisha akanigeukia. "Dada, maelezo yalikuja na vitu vyenyewe. Mna hati yoyote?"

Hati! Babu alimpa mgeni kikopo akakipige picha, amrudishie baada ya wiki. Mgeni huyo hakuonekana tena.

"Aliyekichukua mlimdai hati?" Sauti yangu ilijaa chumba kizima. "Au hati tunadaiwa sisi tu?"

Mama akanishika mkono. Nilidhani ananituliza, kumbe ananisogeza pembeni apite. "Mwanangu," akamwambia mhifadhi, "chukua kalamu." Akamtajia jina la baba yake, la babu yake, na kijiji cha ng'ambo ya Ruvuma ambako baba yake alijifunzia kuchonga. Akarudia kila jina mpaka yote yakaandikwa kwenye daftari la wageni.

Nimerudi pale mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa barua ya kuomba jina liwekwe imeshapelekwa ngazi ya juu. Ya pili, mhusika yuko safarini. Mwezi uliopita nikakuta karatasi mpya kando ya kikopo, herufi nzuri: "Mchongaji: mzee mmoja wa Kitaya."

Mzee mmoja! Na jina wanalo, lipo kwenye daftari lao wenyewe. Nilitoka bila kuaga mtu, nikatembea mpaka barabarani.

Mama akapiga simu. "Wameandika?"

"Jina bado, mama."

"Basi Jumatatu nakuja. Safari hii nitaliandika mwenyewe, juu ya kioo chao."

Sikumkataza.