Mama Tumukunde na Maziwa Yaliyorudishwa

Kaka yangu Straton ana kichwa kigumu, na ninaandika hivi akiwa hai, mzima wa afya, ameketi hapo nje akinoa panga lake. Akitaka kusoma, asome. Lakini nianze na mke wake, maana habari ni yake.

Mke wake ni wifi yangu Tumukunde. Alizaliwa hapa kijijini Mushaki, kwa wakulima wa maharage, akaacha shule darasa la tano. Alipofikisha miaka kumi na minane aliingia katika nyumba yetu ya jibini kuosha bidoni, yaani madumu ya maziwa. Leo ana hamsini na mbili na ndiye anayeiongoza nyumba hiyo, nami Élisabeth ni msaidizi wake. Hana kipimo kingine zaidi ya kidole gumba na ulimi. Anaibonyeza jibini, anakata kipande chembamba, anakionja macho yamefumbwa, kisha anasema iende sokoni Goma au ibaki rafuni. Hakosei, anajua kwamba hakosei, na atakwambia hata kama hujamuuliza.

Miaka mitatu iliyopita alianza kuchoka. Mifupa ilimuuma, hasa mapaja na mgongo. Alikuwa na kiu isiyoisha, akinywa maji na kwenda chooni, kwenda chooni na kunywa maji. Mara mbili alipata mawe kwenye figo, na maumivu yake yalimlaza chini yeye aliyezaa watoto watano bila kupiga kelele. Akawa mkimya, mwenye huzuni isiyo na sababu. Halafu akasahau kutia chumvi kwenye jibini za wiki nzima, akazionja, akasema ziko sawa. Zilirudishwa zote kutoka Goma. Siku hiyo alinikabidhi ufunguo wa nyumba ya jibini, akasema ulimi wake umekufa, akaenda kulala. Mimi nililia nikiwa nimeushika ule ufunguo, kwa sababu niliona anaaga.

Sasa, kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Unakuja na maziwa katika chansi, chombo cha mti chenye kifuniko kilichosukwa. Mgonjwa anakunywa, au watu wa nyumba wanakunywa kwa niaba yake, na chansi inarudi tupu. Kuirudisha ikiwa imejaa ni kumwambia jirani kwamba humtaki, yeye na watu wake wote. Kwa hiyo maziwa yalikuja. Kilima kizima kilikuja, na wa kwanza alikuwa Mama Mukankusi, mjane wa ng'ambo ya kijito, ambaye ana ng'ombe mmoja tu wa kukamua.

Ndipo muuguzi wa zahanati alipompima damu. Akamwambia Straton kwamba kalsiamu imezidi mno, na kwamba lazima wampeleke Goma haraka. Kaka yangu hakusikia habari ya Goma. Alisikia kalsiamu tu, na shuleni alifundishwa kwamba kalsiamu imo katika maziwa. Alirudi nyumbani amekunja uso kama karani wa ushuru.

Wiki hiyohiyo aliwahamisha ng'ombe wake wawili kuja kwangu. Alimkataza mke wake kugusa hata jibini ya kuonja. Kisha akakaa mlangoni, na kila aliyekuja na chansi alirudishwa nayo. Nilikuwapo Mama Mukankusi alipofika, ameishika chansi kwa mikono miwili.

"Rudisha ile maziwa kwenu, Mama," Straton alimwambia. "Njo inamuua bibi yangu." Kwetu njo ni ndiyo, na bibi ni mke.

Mama Mukankusi alishuka kilima taratibu, na maziwa yake yamejaa vilevile. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja tena kwa kaka yangu, hata wa kusalimia. Nilimwambia amefanya upumbavu. Aliniambia mimi si daktari, nami nikamuuliza yeye alisomea wapi. Hatukusemeshana kwa majuma mawili.

Na wifi yangu, bila tone la maziwa, alizidi kudhoofika. Asubuhi moja aliinua sufuria ya maharage, ya kawaida kabisa, na mfupa wa mkono ukavunjika. Hapo hata Straton aliogopa. Tulimpeleka Goma.

Hospitalini walimfunga mkono plasta, kisha tukampata Docta Céline, mpasuaji, mwanamke mfupi mwenye kusema polepole. Waliipima damu tena, wakapeleka nyingine mbali kutafuta kipimo cha homoni, wakampitishia shingoni mashine ya ekografi, inayoona ndani ya mwili. Mimi nilishangaa. Shingo ya wifi yangu haikuwa na uvimbe wowote, si kama wale wenye rovu ambao unawaona toka mbali. Majibu yalipokuja, daktari alichukua punje nne za mchele akaziweka mezani mbele yetu.

"Mu shingo ya kila muntu kuko vitezi vine kama hivi," alisema. "Kazi yake njo kuangalia kalsiamu mu damu. Ya Mama, kamoja kamevimba, kamekuwa kama haragi. Hakapumziki. Kanaiba kalsiamu mu mifupa na kuimwanga mu damu, njo mifupa inavunjika na figo inajaa mawe. Maziwa haina kosa. Hata ungemunyima yote, kale kangeendelea kuiba mu mifupa yake."

Straton alizisogeza zile punje kwa kidole, moja moja. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, lakini nilipouona uso wake nikaacha.

Dawa ya kweli, daktari alieleza, ni kukitoa hicho kimoja. Watamlaza usingizi, wakate shingo mahali penye mkunjo, upana wa vidole viwili au vitatu, waviache vile vitatu vilivyobaki vifanye kazi. Vilikuwa vimelala kwa uvivu kwa sababu mwenzao alifanya kupita kiasi, lakini vitaamka. Hatari ipo, hakuficha. Karibu na hapo unapita mshipa wa sauti, na ukiguswa sauti inaweza kukwaruza, au mtu akabaki ananong'ona. Haitokei mara nyingi, lakini hutokea. Straton aliuliza kwa sauti ndogo kama kweli mke wake anaweza kunyamaza. Nikasema wako watu Mushaki watakaotoa sadaka ya shukrani kanisani. Wifi yangu alicheka, kicheko chake cha kwanza baada ya miezi mingi, akasema wamkate.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi la uani, kaka yangu na mimi. Alisali rozari akaimaliza, akaanza tena. Docta Céline alipotoka alikuwa na kichupa, na ndani yake kitu cha rangi ya hudhurungi, kwa kweli kama haragi. Nilichukia kukiona. Kitu kidogo hivyo kilikuwa kimemvunja mwanamke mzima.

Alipoamka, daktari alimwomba aseme neno lolote ili wasikie sauti. Wifi yangu alizungusha macho mpaka akaniona.

"Élisabeth," alisema, "nani anageuza fromaji?"

Jibini lazima zigeuzwe kila siku rafuni, la sivyo zinaoza upande mmoja. Nilitia mkono mfukoni kumwonyesha kwamba mambo yako sawa, nikaukuta ufunguo. Nilikuwa nimekuja nao Goma, na nyumba ya jibini imefungwa tangu tulipoondoka Mushaki. Nisiseme aliyoniambia. Niseme tu kwamba wauguzi wa chumba cha pili walikuja kuchungulia, na daktari akaandika kwamba sauti ni nzima.

Kesho yake asubuhi midomo yake ilianza kumwasha kama iliyoguswa na pilipili, na vidole vikafa ganzi. Straton alikimbia korido nzima akiita watu, akidhani amempoteza. Docta Céline alikuja bila haraka. Alisema mifupa ilikuwa na njaa ya miaka, sasa inavuta kalsiamu yote kwa mara moja, na vile vitezi vitatu bado vinapiga miayo. Akaagiza kalsiamu ya vidonge na vitamini, akataka damu ipimwe kila siku. Kisha akamgeukia kaka yangu.

"Na akunywe maziwa, Papa. Na fromaji."

Mimi nilitoka nje kucheka, kwa heshima ya hospitali.

Baada ya siku sita tulirudi Mushaki, na nilikuwa tayari kukamua wale ng'ombe wake waliokuwa kwangu. Wifi yangu alikataa. Aliketi kitandani, kitambaa cheupe shingoni, akasema vidonge atameza vyote kama alivyoagizwa, lakini maziwa ya kwanza yatatoka kwa Mama Mukankusi, na atakayekwenda kuyaomba ni yule aliyeyarudisha. Straton alijaribu kusema kwamba kuna matope. Mkewe akamkabidhi chansi tupu.

Nilimfuata kwa mbali, sikutaka kukosa. Alivuka kijito ameshika chansi tupu, mzee wa miaka hamsini na minane anayeheshimiwa kanisani, akasimama mlangoni pa mjane na kuvua kofia. Mama Mukankusi aliangalia chansi, akamwangalia yeye.

"Leo maziwa haiue tena?" aliuliza.

"Maziwa haikukosa kitu, Mama. Mimi njo nilikosa. Munisamehe."

Mama Mukankusi alimwacha asimame kidogo, haki yake. Kisha akachukua chansi akaijaza mpaka juu, akaondoka naye kuipeleka mwenyewe. Wifi yangu aliinywa yote mbele yake, akaigeuza ili aone kwamba ni tupu. Walikumbatiana, na hapo hakuna aliyebaki na macho makavu, hata mimi.

Kesho yake kilima kizima kilikuja. Chansi zilipanga foleni mpaka kwenye migomba, maziwa mengi kuliko yanayoweza kunywewa na mgonjwa mmoja, mumewe na mimi wifi yake mwenye tumbo lisilojaa. Mama Tumukunde alituamuru tuyabebe yote kwenye nyumba ya jibini. Aliketi kwenye kiti, mkono wa plasta mapajani, akituongoza: moto kidogo, koroga, sasa kata, sasa kamua. Ilitoka jibini moja, kubwa kuliko zote nilizowahi kuona. Kila siku tulikwenda kuigeuza, mwanzo mimi na Straton, halafu wifi yangu na mimi, halafu plasta ikatolewa na mifupa ikaacha kumuuma, akawa anaigeuza peke yake huku akiimba.

Jumapili moja baada ya misa waliitwa wote walioleta maziwa. Wifi yangu alikata kipande chembamba, akafumba macho. Mimi ndiye niliyekuwa nimetia chumvi.

"Chumvi imepita kidogo," alisema.

Nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma. Ulimi ulikuwa umerudi. Alimkatia Mama Mukankusi kipande cha kwanza, kisha akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama, nami nikampa ufunguo wake.