Karani Alipokuja Kuukagua Umaskini Wetu

Umaskini huthibitishwaje? Siku zile sikuwa na jibu, ingawa chuoni nilibishana na kila mtu. Katika fomu ya mkopo wa serikali niliandika kwamba nyumbani kwetu Malindi twalala njaa. Barua ikaja: karani angetoka Kilifi kuja kuhakikisha.

Niliona haya kumweleza mama nilichoandika. Nikamwambia tu, "Alhamisi tuna mgeni wa serikali."

Mama akaazima viti vya Bi Zuhura, zulia la jirani na sahani za maua, kisha akamchinja jogoo wetu wa pekee, akapika biriani. Karani akala, akanawa, akafungua faili.

"Binti, umeandika hapa kwamba mwalala njaa?"

"Nani alala njaa?" mama akang'aka. "Hebu mwongezee mgeni nyama!"

Nikamwongezea, jasho likinitoka, nikijua mkopo ndio huo umekwenda.

Lakini niliupata. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba, akimsindikiza karani mlangoni, mama alimnong'oneza: "Ukija tena, baba, nipashe mapema, niwahi kuviazima viti."