Siku Niliposikiliza Kisu cha Bahati

Waliokuwepo ni hawa: Bahati, mtoto wangu wa tatu, mwenye mashine ya kuchonga chuma hapa Kasenga, Pascal, mjukuu wangu, enjenia, na simu yake inayojua kila kitu, Mama Nyota, ambaye kijana wake alikuwa anamuoa mjukuu wangu Neema, na minye, yaani mimi mwenyewe, bingwa wa masikio, ambaye aibu ya siku ile ningali nayo.

Bahati alikuwa anamaliza chuma kinachozungusha moulin, mashine ya kusaga, ya Mama Nyota, chuma kigumu kilichochomwa motoni, hakuna kingine cha akiba, na moulin hiyo ndiyo ilingojewa isage unga wa arusi ya Jumamosi. Chuma kama hicho kinakula kisu cha mashine, na ukichelewa kukibadilisha, kisu kinapasuka na kuharibu kazi yote. Sasa minye nimeuza mandazi mlangoni pale mpaka nimejua: kisu kikiimba ni kizima, kikilia kinakufa. Bahati habadilishi bila kuniuliza (heshima hiyo!).

Pascal akapaza sauti kushinda kelele ya mashine, akaniita bibi yake: "Koko, hesabu ya simu inasema kisu kimekwisha!"

"Simu yako iko na masikio?" nikamjibu, nikamgeukia Mama Nyota ili acheke. Akacheka. Nikavimba.

"Mama, nisimamishe?" Bahati akapiga kelele.

"Endelea, mwanangu! Kinaimba kama kwaya ya Pasaka!"

Paa! Kisu vipande, na kwenye chuma mfereji ambao hata kipofu angeuona. Mama Nyota akaacha kucheka. Pascal, mtoto mwenye adabu, akachungulia pembeni ya kichwa changu, akavuta kitu sikioni: pamba, nyekundu kwa mawese. Asubuhi sikio la kulia liliniuma, nikalitia pamba ya mafuta hayo kama dawa, halafu nikatia na la kushoto (lisione wivu), nikasahau.

"Bamukwe," akaniambia mkwe wangu Mama Nyota, "kumbe kwaya iko ndani ya kichwa yako weye mwenyewe!"

Mihogo ya arusi ikapanda pikipiki hadi Luvungi kusagwa. Na siku yenyewe, mbele ya wakwe wote, nikaletewa sahani iliyofunikwa kwa heshima. Nikafunua, pamba mbili, zimepangwa vizuri. Hata bibi arusi alicheka mpaka akashika shela.

Sisikilizi tena kisu cha muntu. Bahati anauliza simu, maana simu haiumwi masikio. Nikiwa nimekosea jina au neno la mtu, mnisahihishe, ila semeni kwa nguvu: sasa sikio la kushoto nalo limeanza kuuma.