Ukuta Uliolia Nikanyamaza

Mnisamehe mwandiko huu na herufi nilizokosea. Niliacha shule darasa la saba, na vidole vilivyozoea nyundo haviipendi kalamu.

Siku yangu ya kwanza machimboni Kitengela, miaka ya tisini, nyapara hakunipa nyundo. Alikuwa Mkamba, Mzee Mutiso. Alinisimamisha mbele ya ukuta, yaani mwamba unaobaki wima mawe yakishakatwa, akaugonga kwa mtaimbo.

"Wewe kijana wa Kakamega, uko na masikio?"

"Niko nayo, mzee."

"Ukisikia kama chuma, ni mzima. Ukisikia kama debe tupu, huo ni mgonjwa."

"Huyu hata jina lake ametaja kwa shida," mmoja wa wachimbaji akasema, wote wakacheka. Kweli, niliogopa kuongea.

Kila asubuhi kila mtu aligonga sehemu yake. Nyapara akauliza, "Unasemaje?" Mmoja akijibu "mgonjwa," wote walitoka, na siku nzima iliisha tukiangusha mawe yaliyolegea kutoka juu.

Mvua ilinyesha wiki moja, kazi ikasimama. Tuliporudi, sehemu yangu ililia kama debe. Niliwatazama wenzangu, wamekunja mikono ya mashati, wana hamu ya kazi.

"Unasemaje?"

"Mzima," nikasema.

Saa nne Mzee alikuja kunionyesha namna ya kulaza tindo, ile patasi ya kukatia mawe. Ukuta ukashuka. Alinisukuma nje. Yeye mawe yalimshika kiunoni.

Nilimkuta hospitalini Kajiado, tukiwa wawili tu. Nikamwambia, "Mzee, ni hiyo mvua."

"Mvua si yako. Ukuta si wako. Hata hii miguu nilidhani ni yangu, na umeona imeenda. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi mdomo ndio ulikuwa wako. Ni huo tu." Alivuta pumzi kwa shida. "Kesho rudi kazini. Ukilia hapa, ukuta wa huko nani atagonga?"

Kabla mwezi haujaisha, tulimzika.

Nilirudi. Baadaye nilifanywa nyapara katika machimbo mengine, njia ya kwenda Kajiado. Mara nyingi nilisema "mgonjwa" na ukuta ukasimama hadi jioni. Mwenye machimbo alinifokea, "Mgonjwa ni wewe!" Nilimwacha afoke. Hasira ilikuwa yake, watu walikuwa juu, nje ya shimo.

Sasa vumbi limejaa kifuani na daktari amenikataza kazi. Hilo pia sikulichagua, ninajifunza kulibeba. Lakini liko moja ambalo ni langu. Mzee Mutiso hakumwambia mtu. Wenzetu walimzika wakiamini ni mvua, na mimi nilishika jeneza nikanyamaza tena. Haikuwa mvua peke yake. Nilisikia, nikasema mzima.

Kama ulifanya kazi nasi, au wewe ni mtoto wake, tafadhali niandikie. Hata kama ni matusi matupu, nitayasoma mpaka mwisho.