Mabega ya Vukan

Kocha wa timu yetu hapa Kovin, Momir, haogopi kushuka daraja. Anaogopa upepo. Anaamini, kama Waserbia wote, kwamba upepo ukikupiga shingoni, kesho hugeuki.

Klabu kubwa ya Belgrade ilipotuletea Vukan kwa mkopo ili apate mechi, kocha hakuuliza anacheza namba ngapi. Aliyatazama mabega yake, mapana kama kabati, akamketisha mwisho wa benchi, upande unakotokea upepo. Kijana akaganda hapo msimu mzima, na klabu yake ya Belgrade ilishamwambia asipocheza inamwacha. Mimi ndiye ninayefua jezi. Yake nilikuwa naikunja tu.

"Kocha, nipashe misuli?"

"Tulia, mwanangu. Ukiinuka nitaumwa shingo."

"Lakini nimekuja kucheza!"

"Kazi yako ni kubwa kuliko ya hao wanaokimbia ovyo."

Jumamosi iliyopita Belgrade wakamtuma mtaalamu wao wa mazoezi, njemba ya miraba minne, aje kuamua kama kijana aachwe. Kocha alimpima kwa macho, uso ukamng'aa.

"Keti hapa mwisho, bwana, utaona vizuri. Vukan, vua koti, ingia!"

Vukan alikimbia kama ndama aliyefunguliwa kamba, akafunga bao. Mtaalamu, kamasi zikimtiririka, akajipigapiga kifua.

"Umeona? Ratiba yangu ya mazoezi imemkomaza. Hatumwachi!"

"Ratiba nzuri mno," akasema kocha, akigeuza shingo kwa raha zake. "Na Jumamosi ijayo utakuja, bwana?"